Kumchelewesha Mwizi: Sayansi ya Kulinda Gari na Pikipiki

Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake mjini Bariadi, chombo cha moto ni miongoni mwa mali za thamani kubwa kabisa ambazo familia yaweza kuwa nazo. Kuanzia Busega kando ya Ziwa Viktoria hadi Meatu, na katikati yake Bariadi, Itilima na Maswa, pikipiki ndiyo ibebayo mgonjwa, mwalimu na gunia la nafaka. Vijana wengi waendeshao bodaboda si wenye vyombo hivyo. Kila siku hupeleka hesabu kwa tajiri, kwa mkataba kwamba baada ya muda fulani chombo kitakuwa mali yao. Pikipiki ikiibwa katika mwezi wa kumi wa mkataba, jasho la miezi yote kumi limepotea kwa usiku mmoja.

Bima nayo si kimbilio la kila mtu. Sheria humlazimu mwenye chombo kukata bima ya mtu wa tatu, lakini bima hiyo hufidia madhara yaliyowapata watu wengine, haimlipi aliyeibiwa. Anayelipwa ni yule aliyekata bima kubwa, ambayo ada yake ni ya juu zaidi. Kwa sababu hiyo, kwa walio wengi kinga ni bora kuliko fidia.

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni za kisayansi zinazotumika katika vifaa vya kulinda gari na pikipiki. Kanuni hizo si ngeni kwa wanafunzi wa sekondari: ni wenzo, mkondo wa umeme, usumaku, mawimbi na kemia ya metali. Lakini kabla ya kuvitazama vifaa vyenyewe, yafaa tuulize swali lililo sahihi. Watu wengi huuliza, "Ni kufuli lipi lisilovunjika?" Kufuli la namna hiyo halipo. Swali lenye maana ni hili: mwizi atahitaji muda gani, nani atatambua, na watu watafika baada ya muda gani?

HESABU YA MUDA

Tuseme kwamba M ni muda anaohitaji mwizi kuzishinda kinga zote, T ni muda unaopita kabla tukio halijatambuliwa, na J ni muda wanaohitaji watu kufika mahali hapo. Kinga inafaa pale tu ambapo

M > T + J

Tuchukue mfano. Pikipiki imewekwa uani, na kufuli lake huvunjika kwa dakika 2. Mwenyewe amelala saa nane za usiku, naye hatajua lolote mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Basi T ni saa 4, yaani dakika 240. Akinunua mnyororo mzito unaohitaji dakika 10 zaidi, M itakuwa dakika 12. Je, amefaidika? Hasha, maana 12 bado ni ndogo mno kuliko 240. Lakini akiongeza king'ora kinacholia katika dakika moja, na ikiwa majirani hufika katika dakika tano, basi T + J ni dakika 6, na mnyororo ule ule sasa unatosha.

Kinyume chake pia ni kweli. King'ora bila mnyororo hakifai, kwa kuwa mwizi atakuwa amekwisha ondoka kabla watu hawajavaa viatu. Ni dhahiri kwamba kufuli na king'ora si vitu viwili vya kuchagua kimoja. Kimoja humchelewesha mwizi, na kingine huwaita watu wakati amecheleweshwa.

CHUMA NA WENZO

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa kilo 110 hadi 125. Wanaume watatu wanaweza kuinyanyua na kuiweka juu ya gari bila kugusa kufuli la usukani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuifunga pikipiki kwenye kitu kisichobebeka, kama nguzo iliyozamishwa katika zege au mti mkubwa. Mnyororo upite ndani ya fremu. Ukipitishwa katika gurudumu peke yake, mwizi atafungua gurudumu na kuliacha.

Adui wa mnyororo ni mkasi wa chuma, nao ni wenzo. Ikiwa mpini una urefu wa sentimita 60 na meno yako sentimita 3 kutoka kwenye egemeo, nguvu huongezeka mara 20. Mikono ikisukuma kwa nyutoni 300, meno hubana kwa nyutoni 6,000. Mnyororo ukiachwa umelala chini, mwizi anaweza kuuegemeza mpini mmoja ardhini na kuulalia mwingine kwa uzito wa mwili wake wote, labda nyutoni 700, na meno yatabana kwa nyutoni 14,000. Ndiyo sababu mafundi hushauri mnyororo ukazwe juu juu, usiguse ardhi.

Ugumu wa chuma chenyewe hutokana na kazi ambayo wahunzi wameijua tangu kale. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kikazamishwa ghafla katika maji au mafuta, mpangilio wa atomi zake hubadilika na uso wake huwa mgumu kiasi kwamba msumeno wa chuma huteleza juu yake. Hata hivyo chuma hicho huwa chepesi kupasuka kwa nyundo, hivyo hapana budi kukipasha tena moto kidogo ili kukipunguzia ukakasi. Mnyororo wa bei rahisi haukupitia hatua hizi, ingawa kwa macho unafanana na ule mgumu. Grainda hukata vyote viwili, lakini hutoa kelele na cheche. Kwa lugha ya hesabu yetu, grainda hupunguza M, lakini hupunguza T pia.

FUNDISHO LA UJERUMANI NA UINGEREZA

Kufuli la usukani la gari lina historia yenye fundisho. Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli hilo katika magari mapya kuanzia mwaka 1961, na mwaka 1963 ikalazimisha magari yote, ya zamani na mapya, yawe nalo. Wizi wa magari ulipungua kote nchini. Uingereza ilianza mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Matokeo yalikuwa tofauti: magari mapya yaliibwa kwa uchache, ila wizi wa magari ya zamani uliongezeka.

Maana yake ni nini? Kinga ya mtu mmoja humhamishia mwizi kwa jirani. Kinga ya watu wote humpunguzia mwizi kazi. Jambo hili linatuhusu sana, kwa sababu magari mengi yanayoingia nchini mwetu yalikwisha tumika Japani kwa miaka mingi, na mengi ya yale yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayakuwekewa vifaa vya kisasa vya kuzuia injini. Sisi ndio wenye magari ya zamani.

SWICHI YA SIRI

Kwa gari la namna hiyo, nyongeza iliyo rahisi ni swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya petroli au wa mfumo wa kuwasha injini. Mwizi akizungusha ufunguo wa bandia, mota ya kuwashia huzunguka lakini injini haiwaki, naye hajui tatizo liko wapi.

Kazi hii hufanywa na fundi umeme wa magari, lakini mwenye gari anapaswa kuielewa. Pampu ya petroli hutumia takriban ampea 5 kwa volti 12, yaani wati 60. Swichi ndogo ya redio na waya mwembamba haviwezi kubeba mkondo huo kwa usalama. Joto litokanalo na ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, na waya huweza kuyeyusha plastiki yake karibu na petroli. Njia iliyo sahihi ni kutumia rilei: swichi ya siri hupitisha mkondo mdogo tu, chini ya nusu ampea, unaoamsha sumakuumeme, na sumakuumeme hiyo ndiyo inayounga mkondo mkubwa wa pampu. Fyuzi ya kiasi kinachofaa iwekwe karibu na betri.

Kuna vifaa vinavyomwezesha mwenye gari kuizima injini akiwa mbali, kwa kutuma ujumbe wa simu. Hapa pana hatari. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 22 kwa sekunde moja. Injini ikizimwa wakati huo, usukani huwa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara chache msaada wake hupotea. Anayeweza kugongwa na gari hilo si mwizi peke yake. Aweza kuwa mtoto anayetoka shuleni. Kwa ajili hiyo kifaa kifungwe kwa namna ya kuzuia injini kuwaka tena baada ya gari kusimama, kisiizime injini gari likiwa katika mwendo.

UFUNGUO NA HERENI YA NG'OMBE

Ufunguo wa magari mengi ya kisasa una chipu ndogo isiyo na betri. Kandokando ya tundu la ufunguo kuna koili. Dereva anapotia ufunguo, koili hiyo hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika mara 125,000 hadi 134,000 hivi kwa sekunde. Kwa kanuni ya Faraday, uga huo huzalisha mkondo katika koili ndogo iliyomo ndani ya ufunguo. Chipu huamka na kujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya injini isipoitambua namba hiyo, haifungulii petroli.

Wafugaji wa Simiyu wanalo jambo la kulinganisha na hili. Hereni ya kielektroniki ya ng'ombe hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: mashine ya kusomea huiamsha chipu kwa usumaku, nayo hutaja namba. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilitungwa mwaka 2010, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa wilayani Bariadi mwezi Juni 2025. Tofauti ni kwamba hereni hutaja namba yake kwa kila aiulizaye, ambapo ufunguo mzuri wa gari hupewa fumbo jipya kila mara na kulijibu kwa hesabu ya siri.

Ubora wa siri hiyo hutegemea urefu wake. Aina moja iliyotumika sana ilikuwa na siri ya biti 40, yaani namna bilioni 1,100 hivi za kubahatisha. Namba hii yaonekana kubwa, lakini mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, Marekani, walionyesha kwamba mitambo yao iliweza kuifichua kwa muda usiofika saa moja. Funguo zilizofuata zikapewa siri ndefu zaidi.

Pamoja na udhaifu huo, kifaa hiki kimefaa sana. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya yawe nacho kuanzia mwaka 1998, Australia mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Utafiti uliofanywa kuhusu Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kifaa hiki kilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40 hivi katika kipindi cha 1995 hadi 2008. Marekani haikukilazimisha, na kuanzia mwaka 2021 baadhi ya magari ya Hyundai na Kia yaliyouzwa huko bila kifaa hicho yaliibwa kwa wingi na vijana waliojifunza njia hiyo katika video.

JARIBIO LA DARASANI

Magari mapya zaidi hufunguka yenyewe ufunguo unapokuwa karibu. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zürich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari hayo na kuyafungua yote kwa kurefusha mawimbi: mashine moja karibu na gari, nyingine karibu na ufunguo uliomo ndani ya nyumba, na gari likadhani ufunguo uko mlangoni. Kinga yake ni rahisi: ufunguo huwekwa ndani ya kifuko au kopo la metali.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii hivi. Chukua simu ya mkononi na uipigie ili kuhakikisha kwamba inaita. Ifunge kwa karatasi ya kawaida na uipigie tena, itaita. Kisha ifunge kwa tabaka tatu au nne za karatasi ya alumini, ukikunja pembe zote vizuri, na usubiri dakika moja kabla ya kuipigia. Mwishowe iweke ndani ya sufuria yenye mfuniko. Mara nyingi simu iliyo ndani ya sufuria huendelea kuita, na wanafunzi waulizwe ni kwa nini. Jibu ni kwamba mawimbi hupenya katika mwanya ulio kati ya sufuria na mfuniko. Kizimba cha Faraday, kilichopewa jina la mwanasayansi Michael Faraday aliyekionyesha mwaka 1836, hakitaki metali nene. Chataka metali isiyo na mianya mikubwa.

KULIFUATILIA GARI KWA SETILAITI

Kifaa cha kufuatilia gari hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilometa 20,200 juu ya dunia. Mawimbi husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, hivyo hutumia sekunde 0.067 hivi kutoka setilaiti iliyo utosini. Kifaa hupima muda huo na kukokotoa umbali. Vitu visivyojulikana ni vinne: pahali katika pande tatu, na kosa la saa ya kifaa. Kwa hiyo milinganyo minne yahitajika, nayo hutokana na setilaiti nne. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la mita 300.

Yafaa ikumbukwe kwamba setilaiti haijui gari liko wapi. Ni kifaa ndicho kinachojua. Ili mwenye gari ajue, kifaa lazima kitume ujumbe kwa mtandao wa simu. Pasipo na mtandao, au salio la laini likiisha, au mwizi akikata waya wa betri na kifaa hakina betri yake ya akiba, ujumbe haufiki. Nchini mwetu mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya namna hii chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), hasa kwa kuangalia mwendo kasi. Katika hesabu yetu kifaa hiki hakiongezi M. Hupunguza T, na huendelea kuwa na faida hata baada ya mwizi kuondoka.

KING'ORA NA MWANO

Sauti ya king'ora hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. King'ora cha desibeli 110 kwa umbali wa mita 1 hubaki desibeli 70 kwa mita 100, na kuta za matofali hupunguza zaidi. Katika miji mikubwa ya dunia ving'ora vya magari hulia bure mara nyingi hata watu hawavijali tena. Kwa maneno mengine, king'ora kina thamani ya wale wanaokiitikia.

Wasukuma na Wanyamwezi walilijua jambo hili kabla ya gari kufika. Yowe la hatari, liitwalo mwano, humpasa kila anayelisikia atoke na kulirudia, hivi kwamba kijiji kinachofuata nacho hulisikia. Mhandisi wa redio angeuita mpango huo mnyororo wa vituo vya kurushia upya: kila kituo hupokea sauti iliyodhoofika na kuitoa ikiwa na nguvu mpya. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi, walitumia mwano na filimbi kwa njia hiyo. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa nafasi katika sheria.

Historia hiyo ina upande wa uchungu pia. Palipokosekana mipaka, watuhumiwa walipigwa, na wengine waliuawa bila kuhukumiwa. Kijana anayekutwa usiku akisukuma pikipiki aweza kuwa mwizi. Aweza pia kuwa mwenye chombo aliyeishiwa petroli. Kazi ya majirani ni kufika, kuzuia, na kukabidhi kwa polisi. Alama zilizomo katika chombo ndizo zitakazosema ni cha nani.

ALAMA ZISIZOFUTIKA

Mfugaji hupiga ng'ombe chapa si kwa kuwa chapa huzuia mwizi kumswaga, bali kwa kuwa ng'ombe mwenye chapa ni vigumu kuuzwa. Vivyo hivyo namba ya usajili ikichorwa katika vioo vya madirisha, taa na vioo vya pembeni, faida ya mwizi hupungua, maana mnunuzi mwaminifu atauliza.

Alama iliyo muhimu kuliko zote ni namba ya chasisi. Kwa kanuni ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, nazo herufi I, O na Q hazitumiki ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi zaidi, yenye alama ya aina ya gari kisha namba ya mfululizo. Mnunuzi asidhani kwamba namba fupi ni ya bandia. Alinganishe ile iliyogongwa katika chuma na iliyoandikwa katika kadi ya gari, na ahakikishe kwamba pembeni yake hapana dalili za kukwanguliwa au kuchomelewa.

Hata namba iliyokwanguliwa huweza kusomeka tena. Mhuri unapogonga chuma, hukandamiza fuwele zilizo chini ya maandishi yanayoonekana. Tupa huondoa maandishi, lakini fuwele zilizokandamizwa hubaki. Wataalamu wa uchunguzi husugua mahali hapo mpaka pang'ae, kisha hupaka myeyusho wa asidi ya haidrokloriki na kloridi ya shaba. Myeyusho huo hula chuma kilichokandamizwa kwa kasi tofauti na kile kisichokandamizwa, na namba hujitokeza. Kazi hii si ya kujaribiwa nyumbani, kwani asidi hiyo ni kali.

HITIMISHO

Mtu mwenye fedha kidogo aanze wapi? Kwa pikipiki, mnyororo mgumu kwenye nguzo, na king'ora kidogo. Kwa gari la zamani, kufuli la usukani linaloonekana kutoka nje, na swichi ya siri yenye rilei na fyuzi. Kwa vyote viwili, namba zilizochorwa, na nakala ya kadi iliyohifadhiwa mahali pengine. Kifaa cha setilaiti huja baadaye, uwezo ukiruhusu.

Kisha, kabla ya kununua kitu kingine chochote, aongee na majirani zake na kukubaliana nao ni nani atatoka king'ora kikilia saa nane za usiku. Makubaliano hayo hayauzwi dukani, nayo ndiyo yanayoamua ukubwa wa J.